Mtu wa Kalamu Nyekundu

Sikumpenda yule mzee, na leo sitajifanya kwamba nilimpenda kwa sababu tu ameota mvi. Nilikaa naye ofisi moja miaka tisa, mimi kwenye mashine ya kuandikia, yeye nyuma ya meza yake pana, katikati yetu pazia la kitenge ambalo halikuzuia hata chafya. Nadhani nilimjua kuliko mkewe. Mkewe alimpata jioni akiwa amechoka. Mimi nilimpata asubuhi, akiwa na nguvu zake zote. Kwenye karatasi cheo chake kilikuwa kirefu, mambo ya rasilimali watu. Mji mzima wa Baraka ulimwita Chef du Personnel, mkuu wa wafanyakazi, na wengi wakafupisha, wakamwita Chef tu, utadhani mji huu haukuwa na chef mwingine.

Shirika letu lilihudumia wakimbizi wa Burundi pale kambi ya Lusenda, zahanati na maji ya bomba, lakini ofisi ilikuwa hapa Baraka, karibu kabisa na ziwa. Wauguzi, madereva, walinzi, mafundi wa mabomba, wafuaji, wote walipitia mkononi mwake wakiingia na wote walipitia mkononi mwake wakitoka. Katika mji ambao mtu akipata kazi ya mshahara ukoo mzima unashukuru Mungu, mtu wa namna hiyo si mtu mdogo. Walimwamkia tangu mbali. Wanawake wa sokoni walimchagulia samaki, migebuka iliyonona. Hata wenye maboti, ambao hawana shida na mtu, walimsogezea kiti uani mwa msikiti, maana hakuna mwenye boti asiye na mtoto wa dada aliyesoma na kukaa bure.

Alizaliwa wapi na nani, hayo wataeleza wa ukoo wake. Linalonihusu mimi ni moja tu: alikuwa mtu wa ziwa hili hili, alikula ndagala hizi hizi, alilelewa na adabu hizi hizi tulizolelewa sisi. Angekuwa mgeni kutoka mbali ningemsamehe zamani. Mgeni hujikwaa kwa sababu haoni, na yeye aliona kila kitu.

Alikuwa na kalamu mbili, ya buluu ya kusaini na nyekundu ya kusomea. Sijui mtu mwingine anayesoma kwa kalamu. Kila karatasi iliyofika mezani pake aliipokea kama mshtakiwa. Alivuta miwani, akafungua kifuniko cha ile nyekundu, akaanza. Siku moja mlinzi wetu alimletea mwaliko wa harusi ya binti yake, karatasi nzuri yenye maua pembeni. Akausahihisha. Akazungushia tarehe iliyoandikwa bila mwaka, akapiga mstari chini ya jina la mtaa, akamrudishia baba wa watu. Jumamosi akaenda harusini, akala vizuri, akacheza hata ngoma mbili.

Nyuma yake lilisimama kabati la chuma la rafu tatu, ndimo tulimokaa sisi sote, kila mtu katika jalada lake: vyeti, picha, barua, makosa. Hakukujua kwa jina la baba yako, alikujua kwa rafu. "Weye ni wa rafu ya pili, kushoto," alikuwa akimwambia dereva, na dereva anaitika. Jalada halikutoka ofisini kwa sababu yoyote. Ukitaka kusoma lako, unakuja, unasimama, unasoma mbele yake. Alikuwa na neno lake juu ya hilo, nililisikia hadi masikio yakaota sugu: "Dossier haitembei. Mutu njo anatembea." Mara moja mkurugenzi, mzungu mwenye homa, alituma dereva amletee majalada matatu nyumbani kwake. Chef alimrudisha dereva mikono mitupu na neno lile lile. Saa moja baadaye mkurugenzi aliingia akitetemeka, amejifunga shuka mabegani, akasoma akiwa amesimama kama sisi. Siku hiyo nilimpenda Chef kwa dakika tano.

Ubao wa matangazo huku kwetu tunauita valve. Wa kwetu ulikuwa ukutani nje, chini ya ukingo wa bati, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa ila yeye. Mikataba yetu ilikuwa ya miezi mitatu mitatu. Ikikaribia kuisha, unaanza kuamka usiku kuhesabu siku, kwa sababu hakuna aliyeitwa kuambiwa. Alitoka tu saa nne na orodha ya wanaoendelea, akaibana kwa pini nne, moja kila pembe, akarudi ndani. Ukiona jina lako unapumua. Usipoliona unasoma tena kutoka juu, halafu unasoma kutoka chini, halafu unamwomba mwenzako akusomee. Yeye wakati huo alisimama nyuma ya dirisha, kando ya pazia, akitazama. Nilikuwa nikimwona. Sijui alikuwa akitafuta nini katika nyuso zile, na sikuwahi kumuuliza kwa sababu jina langu pia lilikuwa kwenye orodha zile.

Saa yake ya mkononi ilikuwa sheria ya pili baada ya ile ya nchi. Siku ya mitihani ya kazi, mlango ulifungwa saa mbili kamili. Mwaka mmoja tulitafuta muuguzi wa uzazi, na msichana mmoja wa Ubwari alikuja na boti, maana kule njia ni maji. Upepo uliwashika katikati. Alifika saa mbili na dakika nane, kitenge kimemganda mwilini kwa maji, vyeti vyake kavu ndani ya mfuko wa nailoni alioushikilia kichwani safari nzima. Nilimwona kwa dirisha langu akigonga. Chef alifungua kishubaka cha mlango.

"Saa ngapi saa hii, mama?"

"Baba, naomba musamaha. Ziwa ilitukamata pale katikati. Batu bote banajua, ilikuwa na mawimbi."

"Ziwa haikutuandikia barua," akasema, akafunga.

Aliyepata ile kazi alikaa mwezi mmoja na nusu akatoroka, akasema Lusenda kuna vumbi. Yule wa Ubwari nilisikia aliolewa, akaacha mambo ya vyeti.

Mara moja kwa mwaka makao makuu yaliagiza mafunzo, na Chef alivaa tai. Alisimama mbele yetu na karatasi kubwa zilizobanwa kwenye mti wa miguu mitatu, akaandika kwa wino mweusi: Mtu Ndiye Mali ya Kwanza ya Shirika. Alieleza vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema gari bila dereva ni bati, dawa bila muuguzi ni unga, na kazi ya ofisi yake ni kumtafuta mtu anayefaa, kumweka mahali panapomfaa, kumfundisha, kumlinda, kumsikiliza. Tulipiga makofi. Mimi nilikuwa nikiandika kumbukumbu, na nilipofika kwenye neno mali kalamu ilisita. Mbuzi pia ni mali. Anatafutwa, anafungwa mahali panapomfaa, analindwa, na siku ya wageni hakuna anayemuuliza neno.

Lakini mtu ni mtu, na huyu alinitesa zaidi kwa sababu hakuwa mbaya kwa urahisi. Rushwa hakula. Mfanyabiashara mmoja alimpelekea mkewe ndoo ya migebuka, siku mbili kabla ya mtihani wa kijana wake. Chef aliirudisha yeye mwenyewe, ndoo mkononi, adhuhuri, akipita katikati ya soko, watu wakiona mikia ya samaki ikining'inia, hadi kwa mwenyewe. Mtoto wa kaka yake alishindwa mtihani wa ulinzi, na Chef akalibana jina lake kwenye valve pamoja na walioshindwa. Kaka yake hakumsemesha mwaka mzima. Mkurugenzi mwingine alipotaka kumwondoa muuguzi aliyekuwa na mimba ya miezi saba, eti mradi hauwezi kungoja, Chef alifungua kitabu cha sheria ya kazi, akakiweka juu ya meza ya mkurugenzi, akasimama pale mpaka mzungu akasoma. Yule mtoto alizaliwa, ana afya, na mama yake hadi leo anamtaja Chef katika sala.

Ukiugua, alikuja kwako. Alikaa kwenye kigoda, akatazama vidonge, akageuza pakiti asome jina la dawa, akakuuliza umelala siku ngapi. Akiondoka aliacha pakiti ya sukari mkekani. Hatukujua kama alikuja kukupa pole au kuhakikisha kwamba kweli unaumwa. Nadhani hata yeye hakujua, na sukari tuliinywa.

Sasa nifike kwa Mama Feza, maana bila yeye ningemaliza hapa na kumwita mzee mkali mwenye haki, kama wanavyomwita wengine.

Kwanza lazima nieleze jambo la kwetu. Huku, mdogo akiitwa na mkubwa ajibu neno, haanzi na neno lenyewe. Anaanza na kuomba msamaha. Si kwamba amekosa. Anaomba msamaha kwa kusimama mbele ya mkubwa, kwa kumpotezea muda, kwa kufungua kinywa. Mjomba wangu, akidai ng'ombe waliokula shamba la mtu si wake, aliomba msamaha kwanza halafu akakana hadi jioni. Asiyeanza hivyo tunasema hakulelewa.

Na shirikani kulikuwa na desturi nyingine, ya karatasi. Ukishukiwa kosa unapewa demande d'explication, barua ya kukutaka ujieleze. Inakuja nakala mbili. Unasaini ya pili kwamba umepokea, na una saa arobaini na nane kujibu kwa maandishi. Jibu lako linaingia kwenye jalada, na Chef analisoma kwa ile kalamu.

Mama Feza alikuwa mfuaji wa zahanati, mjane wa Lweba, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyochanika kwa sabuni. Kwa miaka sita hakuna shuka lililopotea kwake. Siku moja yakakosekana mablanketi manne ya wodi ya uzazi. Kilichotokea kila mtu alikijua: mkimbizi mmoja alizidiwa na uchungu, gari likampeleka hospitali kubwa mbio mbio, wakamfunika na yale mablanketi, na hospitali kubwa haikuyarudisha. Lakini aliyeyasainia ni Mama Feza. Akapewa barua.

Alikuja kwangu kwa sababu Kifaransa hakukijua, na wengi walikuja kwangu, jioni baada ya kazi, niwaandikie majibu.

"Mama, uniandikie muzuri," aliniambia. "Anza na musamaha, usianze na blanketi. Nikianza na blanketi atasema niko na kichwa nguvu."

Niliandika. Mstari wa kwanza ukasema: ninaomba msamaha kwa Bwana Chef du Personnel. Mstari wa pili na wa tatu na wa kumi ukaeleza habari yote, gari, uchungu, hospitali kubwa, jina la dereva. Nilimsomea kwa Kiswahili, akaitikia kwa kichwa, akasaini polepole. Mimi mwenyewe ningeanza hivyo hivyo. Haikunijia akilini hata kidogo kwamba nilikuwa namfunga kamba.

Siku ya pili Chef aliniita kwenye upande wake wa pazia. Jibu la Mama Feza lilikuwa mezani. Mstari wa kwanza alikuwa ameupigia mistari miwili myekundu, na pembeni ameandika neno moja la Kifaransa, maana yake: amekiri. Mistari mingine yote ilikuwa safi, haina hata nukta nyekundu. Hakuwa ameisoma, au alikuwa ameisoma akaiacha.

"Iko wazi," akasema. "Ameomba musamaha. Mutu haombe musamaha ya kitu hakufanya. Tayarisha barua ya kumufukuza, kosa nzito."

"Chef, si unajua namna tunaongeaka huku?"

"Karatasi haina huku wala kule. Andika."

Nikaandika. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na nalisema wazi: barua iliyomwombea msamaha niliiandika mimi, na barua iliyomfukuza kwa msamaha ule niliiandika mimi, kwa mashine moja, ndani ya siku mbili. Mama Feza alipopewa alisaini nakala ya pili kama kawaida. Akamwambia Chef, "Asante, baba." Kisha akaniangalia mimi, akauliza kwa sauti ndogo, "Musamaha haikutosha?"

Mtu akidhani kufukuzwa kazi ni kufukuzwa tu, hajaishi hapa. Kila shirika linaloajiri kutoka Baraka hadi Lusenda linadai cheti cha kazi uliyotoka, na cha Mama Feza kiliandikwa kosa zito. Alipeleka maombi sehemu tatu, mara tatu akarudishiwa karatasi. Lweba nako wakaanza kumwita mama blanketi. Binti zake wawili waliitwa hivyo hivyo shuleni. Alichotaka haikuwa hata kazi tena. Alitaka lile neno litoke juu ya jina lake.

Alikwenda Uvira kwa mkaguzi wa kazi, na nakala yake ndani ya mfuko. Mkaguzi alimsikiliza, akamwambia jambo la maana: aliyesaini barua ya kumfukuza aandike kwa mkono wake kwamba maneno yale ya msamaha yalikuwa ya heshima, hayakuwa ya kukiri, na yeye mkaguzi atalilazimisha shirika libadilishe cheti. Karatasi moja tu, mistari mitatu. Mama Feza akaenda nyumbani kwa Chef siku ya Jumapili. Akapewa kiti, akapewa maji ya kunywa, akasikilizwa kwa adabu.

"Mama, mi sina kinyongo na weye," Chef alimwambia. "Lakini signature yangu haina marche arrière."

Ni maneno ya madereva, gari lisilo na gia ya kurudi nyuma. Mama Feza alinisimulia bila hasira, na mimi nikaanza hasira ambayo sijaimaliza. Mkataba wangu ulipoisha sikungoja valve. Niliondoka, nikafungua secrétariat public yangu hapa kando ya soko, kompyuta moja, mashine ya kuchapa, sahani ya jua juu ya bati. Ninawaandikia watu barua za mahari, za viwanja, za kazi. Na za kujieleza pia. Hizo huwa nazisoma mara tatu kabla hazijatoka, na mstari wa kwanza nauangalia zaidi.

Kisha ziwa likapanda. Nyie mliokuwa hapa mnakumbuka, nyumba za ufukweni ziliingiwa, watu wakalala shuleni. Ofisi ya shirika ilipata maji yanayofika magotini kwa majuma. Kabati la chuma lilibaki pale pale, limefungwa kwa ufunguo, na lilipofunguliwa rafu mbili za chini zilikuwa uji. Watu wote wa rafu ya pili, kushoto na kulia, uji.

Nilimwona mara ya mwisho asubuhi moja ya kiangazi. Kwenye benchi langu walikaa wateja wawili, na nyuma yao mzee mwenye kofia, folda ya plastiki magotini, anangoja zamu yake. Sikumtambua mpaka alipovuta miwani.

"Hodi, mama. Kazi inaendelea?"

"Inaendelea, Chef. Karibu."

Wateja walipoondoka alisogea, akanipa karatasi. Niliijua kabla sijaisoma, nimeandika nyingi sana. Demande d'explication, kutoka kwa mkurugenzi mpya. Kabla ziwa halijaingia aliandikiwa mara mbili ahamishe majalada yapelekwe jengo la juu, hakuhamisha, aeleze ni kwa nini. Katika saa zake arobaini na nane alikuwa amebakiwa na tano. Zingine alizimaliza akitafuta mtu wa kumwandikia; kompyuta ya kazi walishaichukua, macho yanamsumbua, na kwa sekretari mpya wa shirika aliona aibu.

"Miaka ishirini na mbili," akasema. "Banifukuze kwa kosa nzito, nabakia na nini? Hata cheti ya kuonyesha batoto."

"Na majalada ulikataa kuhamisha juu ya nini?"

"Dossier..." akaanza, akaacha. "Maji iliingia gafula, mama. Hakuna mutu alijua."

"Ziwa haikuwaandikia barua?"

Aliyasikia maneno yake. Hakucheka. Nilikuwa nimengoja miaka mingi nimcheke kwa hilo, na ilipofika zamu yangu sikucheka pia. Nikafungua ukurasa mpya, nikamwambia aseme, mimi nitaweka Kifaransa.

Alikaa sawa, akashika magoti, akasema kwa sauti ile ile ya nyuma ya pazia:

"Andika. Bwana Mkurugenzi, mbele ya yote naomba musamaha kwa..."

Vidole vyangu vilikwisha andika kabla kichwa hakijafika. Nikavitoa kwenye kompyuta, nikaviweka mapajani.

"Rudia mustari wa kwanza, Chef."

Akaurudia. Nusu yake. Halafu mkono wake ukaenda mfukoni kwenye kalamu, ukabaki pale.

"Futa," akasema.

"Sifuti."

"Mama, futa. Ile si kukubali kosa. Ile ni heshima tu, weye unajua."

"Mi najua. Weye ulijua?"

Nje mtu alikuwa akipigia kelele mbuzi. Chef alitazama kioo cha kompyuta, kisha akatazama mikono yake.

"Nilijua."

"Siku ile ya Mama Feza?"

"Nilijua, mama. Mi ni mutoto wa huku."

Ningekuwa na stepla nzito ningemtupia. Miaka yote nilijidanganya kwamba labda kazi ilimsahaulisha, kwamba kalamu ilimpofusha. Nilimuuliza ni kwa nini basi, na sauti ilinitoka juu kuliko nilivyotaka.

"Bakubwa betu balitaka jina ya mutu wa blanketi," akasema. "Kila wiki banapiga simu, nani, nani. Ile mustari ilinipatia jina. Sikutafuta tena."

Hivyo tu. Si chuki, si rushwa, si hata ukali. Uvivu wa mtu aliyefika kazini kila siku kabla ya mlinzi. Angeweza kuigeuza ile karatasi na kumwambia, mama, toa mstari huu, uniletee kesho. Ndivyo alivyotuambia kwenye mafunzo yake, na tai shingoni: kumlinda mtu, kumsikiliza.

Nilichukua karatasi nyeupe, nikaiweka mbele yake, juu yake nikaweka kalamu yangu.

"Andika kwanza ya Mama Feza. Mistari mitatu. Mukaguzi wa Uvira angali anaingoja."

"Na nisipoandika?"

"Nachapa hii namna iko, na musamaha wake. Ao uende ukaandikishe mahali pengine. Uko na saa tano tu."

Najua jina la nilichofanya, hakuna haja ya kunitajia. Nilidhani atasimama, na nusu yangu ilitaka asimame ili niendelee kumchukia bila kazi. Akaisukuma kalamu yangu kando, akatoa yake ya buluu. Aliandika polepole, pua karibu na karatasi, kwamba maneno ya msamaha yaliyo katika barua ya Mama Feza, mfuaji wa zahanati, yalikuwa heshima ya kwetu na si kukiri kosa, na kwamba yeye aliyesaini alilijua hilo siku aliyosaini. Hayo ya mwisho sikumwomba. Kisha, Mungu wangu, akatoa ile nyekundu, akasoma alichoandika, akajirekebisha herufi moja. Akaomba karatasi nyingine na kuandika yote upya mara ya pili. Akanigeuzia.

"Signe hapa kama umepokea. Hii ni yangu, ingine ni yako."

Nikasaini. Moja nikaiweka kwenye mfuko wa nailoni, kesho yake iende Lweba na gari la kwanza. Akakunja ya kwake, akaitia kwenye folda, akangoja mikono magotini.

Nikarudi kwenye kompyuta. Mstari wake wa kwanza ulikuwa bado pale, unang'aa juu ya ukurasa mtupu. Nikaufuta. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Ni hilo tu Mama Feza alilohitaji siku ile, kutoka kwake au kutoka kwangu.